Kompyuta Ikiganda, Uliza Inasubiri Nini

Jioni moja ya mvua nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta huko Katwe, jijini Kampala, mwalimu wa shule ya msingi alipoingia na kompyuta mpakato aliyoiviringishia leso isilowe. Aliiweka mezani, akaiwasha, akafungua folda aliyotunzia mitihani ya darasa la sita. Dirisha likapauka. Kiduara cha buluu kikaanza kuzunguka, na kule juu, pembeni mwa jina la folda, yakatokea maneno mawili ambayo wenye kompyuta wengi wanayajua kwa uchungu: "Not Responding".

Fundi wa mtaani kwake alikuwa amempa jibu moja tu: tupige window upya, yaani tufute kila kitu na kusakinisha Windows tena. Huyu wa Katwe, kijana wa Bukavu aliyekulia katika Kiswahili cha Kivu, hakugusa kitufe. "Mama mwalimu," aliuliza, "ilianza siku gani? Na siku hiyo umeme ulikatika?" Mwalimu akakumbuka kwamba ulikatika mara tatu usiku mmoja. Fundi akainamisha sikio karibu na kibodi, pale kiganja cha kushoto kinapotua, akasikiliza. Nami nikasikia: tik, kimya, tik, kimya. "Mama, mashine haijafa," akasema. "Inasubiri. Tutafute inachosubiri."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, kwa sababu ndilo ufunguo wa tatizo hili lote. Kisimamizi cha faili, yaani ile programu inayotuonyesha folda na vilivyomo, ni nadra kugoma kwa ubaya wake chenyewe. Mara nyingi kimetuma ombi mahali fulani na jibu halijarudi. Tukijua ombi limetumwa wapi, tiba huwa fupi na nafuu. Tusipojua, tunatibu kwa kubahatisha, na dawa ya kubahatisha inayopendwa kuliko zote mjini, kufuta kila kitu na kuanza upya, imewapotezea watu kazi za miaka.

Karani mmoja, kazi nyingi

Kwenye kompyuta za Windows, ambazo ndizo nyingi majumbani mwetu, kisimamizi hiki huitwa File Explorer. Kilizaliwa pamoja na Windows 95, kikachukua nafasi ya File Manager ya Windows 3.0 ya mwaka 1990. Watumiaji wengi hudhani kazi yake ni folda tu. La hasha. Programu hiyohiyo ndiyo inayochora ule upau wa chini wenye saa, kitufe cha kuanzia na picha ya nyuma ya skrini. Ndiyo maana folda moja ikikwama, wakati mwingine upau nao haubofyeki, na mtu hujikuta akidhani kompyuta nzima imekata roho.

Mfikirie karani mmoja kwenye ghala. Anapokea wateja dirishani, anakwenda mwenyewe kutafuta mzigo, na akifika kwenye chumba ambacho mlinzi wake hayupo, anasimama mlangoni akingoja. Wateja dirishani wanaita, hawajibiwi. Windows ina kipimo chake cha subira: dirisha likipita sekunde 5 bila kuhudumia maombi yanayotumwa kwake, huhesabiwa kuwa halijibu, na nakala yake iliyopauka huwekwa badala yake. Kwa hiyo maneno "Not Responding" maana yake ni ndogo kuliko hofu tunayoipata. Yanasema karani hayuko dirishani. Hayasemi ghala limeungua.

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Wengi wetu husoma ujumbe huo kwa Kiingereza cha kubahatisha, tukaufasiri kuwa "imeharibika". Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na walioufanya walilazimika kutafuta neno la kila kitufe na kila onyo. Kazi ile ilitufunza kwamba onyo lililosemwa kwa lugha ya mtu humtuliza mkono. Uganda iliyokiweka Kiswahili kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 bado haijalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Mtu akisoma "haijibu", atauliza kwa nini. Akisoma "imekufa", atatafuta pa kuizika.

Basi karani husubiri nani? Kwa kompyuta za nyumbani za Kampala nayaona majibu manne: diski, flashi, mtandao na wapambe. Nitayapitia kwa uzito wake, maana hayalingani.

Diski na umeme wetu

Wa kwanza, na wa hatari zaidi, ni diski. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zimeshatumika Ulaya, Marekani au Ghuba kabla ya kufika huku. Mwaka 2009 serikali ilitangaza katika bajeti marufuku ya kuingiza kompyuta kuukuu pamoja na friji na televisheni kuukuu, kwa kuhofia taka za kielektroniki. Hata hivyo mashine za mtumba zimeendelea kuwa ndizo mtu wa kawaida anazozimudu. Nyingi za zile za zamani zina diski za sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Diski ya namna hiyo iliyofanya kazi miaka saba ofisini kwa watu ni mzee aliyeombwa aendelee kubeba magunia.

Juu ya uzee huo weka umeme. Wakazi wa Kampala wa 2005 na 2006 hawasahau mgao mkali uliofuata kushuka kwa maji ya Ziwa Viktoria. Tangu hapo yamejengwa mabwawa makubwa: Bujagali yenye megawati 250 mwaka 2012, Isimba yenye 183 mwaka 2019, na Karuma yenye 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Umeme unazalishwa. Shida imebaki njiani, kwenye nyaya na transfoma za mitaa, pamoja na radi za ukanda huu wa ziwa ambao ni kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi duniani. Tena iko mita ya Yaka, ambayo tokeni zikiisha hukata bila kubisha hodi. Kompyuta mpakato yenye betri nzima haioni lolote katika hayo. Lakini ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa, inayoishi kwa waya, huzimika katikati ya sentensi.

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, mambo mawili huweza kutokea. Mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows huweka daftari la mabadiliko, kwa hiyo mpangilio wa folda kwa kawaida hujinusuru. Lakini daftari hilo halilindi maneno yaliyomo ndani ya faili. Pili, umeme ukirudi kwa kishindo huumiza vifaa, na sekta za diski zilizokuwa dhaifu huwa mbovu. Kuanzia hapo kila karani akienda kusoma faili iliyolala juu ya sekta mbovu, diski hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Windows huweza kuisubiri diski hadi sekunde 60 kwa ombi moja kabla ya kukata tamaa. Ile tik, kimya, tik niliyoisikia Katwe ilikuwa kichwa cha diski kikirudi na kujaribu tena.

Dalili zake zinatambulika bila kifaa cha bei. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, utazame safu ya diski kwenye ukurasa wa Performance. Ikionyesha asilimia 100 ilhali kasi ya kusoma ni kidogo mno na muda wa kujibu unahesabiwa kwa maelfu ya milisekunde, tambua kwamba diski inahangaika. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tukio namba 7 la chanzo "disk" linasema waziwazi kuna sehemu mbovu. Namba 153 linasema ombi lilirudiwa. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski inaziweka juu ya afya yake yenyewe, na hesabu ya sekta zinazongoja kubadilishwa ikizidi sifuri ni onyo la kweli.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia diski ina ubovu, wanakimbilia amri ya chkdsk yenye /r, inayopekua diski nzima sekta kwa sekta. Kwa diski yenye afya amri hiyo ni msaada. Kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda kilima cha Muyenga. Kwanza toa faili, zile zisizo na mbadala zitangulie: picha za watoto, mitihani, vitabu vya hesabu za duka. Baada ya hapo ndipo upekue, au uiache diski ipumzike milele.

Flashi na maktaba za filamu

Wa pili ni flashi, na hapa Kampala ina desturi yake. Tangu zama za vibanda vya video, wenyewe huviita bibanda, jiji hili limetazama sinema za nje kupitia sauti ya VJ anayetafsiri na kuchangamsha kwa Kiluganda. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana kuliko ya waigizaji wenyewe. Siku hizi kazi zao husafiri kama faili. Karibu kila kituo cha mabasi madogo kuna duka dogo lenye kompyuta na bango la filamu. Unaleta flashi yako au diski ya nje, unachagua, unalipa, unanakiliwa. Kuanzia asubuhi hadi usiku kompyuta moja hupokea flashi za mtaa mzima.

Kinachobebwa pamoja na filamu ndicho cha kuangalia. Hadi Februari 2011, Microsoft ilipoizima kwa sasisho tabia ya flashi kujiendesha yenyewe, virusi vilikuwa vikiruka kutoka flashi hadi kompyuta kwa kuchomekwa tu. Mwaka 2010 ulimwengu uligundua kwamba kidudu cha Stuxnet kilitumia kasoro mbaya zaidi: faili ya njia ya mkato iliyoambukiza kompyuta pale tu kisimamizi cha faili kilipojaribu kuchora ikoni yake. Mlango huo ulizibwa. Lakini binamu zake wa mitaani wapo: vile vidudu vinavyoficha folda zako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu anabofya "Harusi ya Dada", dirisha linakwama, programu nyingine inaanza kazi nyuma ya pazia.

Mwenye flashi ya namna hiyo hudhani faili zimeliwa. Hazijaliwa, zimevishwa kanzu ya kutoonekana. Pitisha kinga ya virusi kwanza, kisha fungua dirisha la amri, ingia kwenye herufi ya flashi yako na uandike attrib -h -r -s /s /d *.* ukabonyeza Enter. Folda hurudi. Zile njia za mkato futa, usizibofye.

Iko pia hila ya viwandani. Flashi bandia huandikwa ukubwa ambao haina. Inajitangaza kuwa na gigabaiti 512 na ndani ina sehemu ndogo ya hizo. Ukipita uwezo wake wa kweli, faili mpya huandikwa hewani au juu ya za zamani, na karani akienda kuzitafuta anakwama. Programu za bure H2testw na F3 hupima flashi kwa kuijaza na kuisoma upya. Kwa vyovyote, jaribio la kwanza la kosa la flashi halina gharama: chomoa kila kilichochomekwa, subiri dakika moja, fungua folda. Mara nyingi sana kuganda kunaisha hapohapo, na umekwisha kumjua mhalifu.

Mtandao ulioondoka

Wa tatu ni mtandao. Kwenye ofisi ndogo na nyumba zenye kompyuta mbili tatu, watu huunganisha folda ya mashine moja ionekane kwenye nyingine kwa herufi kama Z. Mashine ile ikizimwa, herufi hubaki. Kila ukifungua kisimamizi cha faili, karani hutembea hadi mlango wa Z kubisha, akangoja. Hali ni hiyohiyo kwa orodha ya Quick access, ambayo hukumbuka folda ulizozitembelea karibuni hata kama zilikuwa kwenye flashi iliyopotea au kompyuta iliyouzwa. Kata muunganisho wa herufi usiyoitumia, futa historia hiyo kwenye Folder Options, na mwambie File Explorer ifungukie This PC badala ya Quick access.

Faili za mawinguni zina somo lao. Tangu 2017 OneDrive huweza kuonyesha jina la faili kwenye kompyuta yako ilhali mwili wake uko kwenye seva ya mbali. Ni jambo zuri pale intaneti ipo. Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, aliyekuwa na faili za namna hiyo aliyaona majina tu. Na bila kuzimwa, bando nalo ni ghali: tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Faili unayoihitaji kazini kesho ibonyeze kwa kitufe cha kulia leo na uchague ikae daima kwenye kifaa hiki.

Bei hiyo ya bando imezaa ugonjwa mwingine wa pole pole. Watu wengi wamezima masasisho ili kuokoa data. Nawaelewa, nami nimefanya hivyo. Lakini baadhi ya kasoro za kisimamizi cha faili zilisharekebishwa na Microsoft yenyewe, na rekebisho limesimama mlangoni likingoja kuingia. Busara ni kusasisha mara moja kwa mwezi pale penye mtandao wa bei nafuu, si kufunga mlango moja kwa moja.

Wapambe na vijipicha

Wa nne ndio hao ninaowaita wapambe. Unapobonyeza kitufe cha kulia juu ya faili, menyu inayojitokeza ina mistari ambayo haikuja na Windows: ya programu ya kubana faili, ya kinga ya virusi, ya kichezeshi cha video. Kila moja ya programu hizo imepachika kipande chake ndani ya kisimamizi cha faili, na kipande kimoja kibovu humwangusha karani mzima. Programu zilizovunjwa leseni, ambazo zimejaa mjini, ni mabingwa wa jambo hili. Ukiona kuganda hutokea pale tu unapobonyeza kitufe cha kulia, mshuku mpambe. ShellExView ya NirSoft huorodhesha vipande vyote. Zima visivyo vya Microsoft, washa kimoja kimoja, na yule atakayerudisha ugonjwa ndiye wa kuondolewa.

Vijipicha navyo ni mzigo. Folda yenye filamu 800 humlazimu karani kufungua kila filamu na kukata picha ndogo ya kuonyesha. Filamu moja tu iliyonakiliwa nusu, kwa sababu abiria alikuwa anakimbilia basi, inatosha kumkwamisha. Tiba mbili: kwenye Folder Options weka alama kwenye "Always show icons, never thumbnails", na kwenye sifa za folda yenyewe, ukurasa wa Customize, chagua "General items" badala ya Videos. Mengine, kama kumbukumbu ya gigabaiti 4 inayojazwa na kivinjari chenye kurasa ishirini, yanajieleza: funga usivyovitumia kisha ujaribu tena.

Mpangilio wa tiba

Kutokana na hayo, mpangilio wangu ni huu, na nausimamia kwa sababu unaanza na kisichogharimu na kuishia na kinachogharimu.

Kwanza, subiri dakika mbili kwa saa. Kama faili kubwa inanakiliwa, usiguse kitu, maana ukimkatiza karani unakatiza na unakili. Pili, chomoa flashi, diski ya nje na printa. Tatu, fungua Task Manager, mbonyeze Windows Explorer, ndilo jina la File Explorer humo, kwa kitufe cha kulia, uchague Restart. Upau wa chini utapotea na kurudi. Faili zilizohifadhiwa hazipotei kwa tendo hilo, na barua unayoiandika kwenye Word hubaki wazi. Upau usiporudi, tumia humohumo ndani ya Task Manager mlango wa kuanzisha kazi mpya, uandike explorer.exe. Nne, tazama diski kama nilivyoeleza. Ikiwa inahangaika, simama hapo, nakili vitu vyako vya thamani kwanza.

Diski ikiwa nzima, endelea: kata herufi za mtandao, zima vijipicha, pekua virusi, zima wapambe. Halafu fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike sfc /scannow, amri inayokagua faili za Windows yenyewe na kurudisha zilizoharibika bila kutumia bando. Ikishindwa ndipo ije amri ya DISM, ambayo mara nyingi huhitaji intaneti kupakua vipuri. Yupo pia anayetumia Ubuntu. Kwake nautilus -q kwenye dirisha la amri hufunga kisimamizi ili kifunguke upya. Na mwenye Mac hubonyeza Option, Command na Esc, akaianzisha Finder tena. Majina yanabadilika, lakini karani na subira yake ni walewale.

Kupiga window: lini ni haki

Sasa nirudi kwa ile dawa ya haraka. Siwalaumu mafundi wanaoikimbilia. Mteja anataka mashine yake leo, analipa kidogo, na kupiga window upya kunamaliza kweli matatizo ya virusi, ya wapambe na ya mfumo ulioharibika. Fundi anayetumia saa tatu kutafuta chanzo na anayetumia saa moja kufuta kila kitu hulipwa sawa, pengine wa pili akalipwa zaidi kwa kuwa alionekana kufanya kazi kubwa. Kosa liko kwenye malipo yetu kabla halijawa la fundi.

Lakini pima hasara. Kama chanzo ni diski mbovu, window mpya juu ya diski ileile itaganda tena baada ya wiki chache, na faili za zamani zimeshafunikwa. Kama chanzo ni flashi, ugonjwa utarudi siku mteja atakapoichomeka. Kama ni herufi ya mtandao, ulifuta nyumba nzima kwa sababu ya mlango mmoja. Kupiga window ni haki pale ulipokwisha kutoa faili, ukathibitisha nakala zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, na diski imepimwa ikaonekana nzima. Nje ya hapo ni kamari ya mali ya mwingine.

Linaongezeka jambo la wakati huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kipuri cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kwa jumla kizazi cha 8 au kipya zaidi, ilhali mashine nyingi za mtumba ni za kabla ya hapo. Wengi wataambiwa watupe kompyuta nzima. Kabla ya kuitupa, badilisha diski ya sahani kwa SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka. Diski ya sahani huchukua zaidi ya milisekunde kumi kulifikia jambo moja. SSD huchukua sehemu ndogo ya milisekunde. Nimeziona mashine zilizodhaniwa zimezeeka zikifufuka kwa badiliko hilo moja, na kwa asiyeweza Windows 11, Ubuntu au ndugu zake huendelea kupata masasisho ya usalama bure.

Kinachobaki

Maili chache kutoka Katwe, huko Wakaliga, Isaac Nabwana alijifunza mwenyewe kuhariri filamu kwenye kompyuta alizoziunga kwa vipuri kuukuu. Filamu yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Lakini wanachokitazama ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Ile asilia, isiyo na sauti hiyo, haipo tena. Kazi iliyoitangaza Kampala kote ulimwenguni imenusurika kwa nakala ya pili, si ya kwanza. Sijui mfano mwingine mjini kwetu unaosema kwa nguvu zaidi kwamba faili iliyo mahali pamoja ni faili iliyoazimwa.

Yule mwalimu wa jioni ya mvua alikaa na fundi hadi saa tatu usiku. Diski yake ilichomolewa, ikaunganishwa kwa waya kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, na faili zikatolewa kwa programu inayochukua kwanza zilizo rahisi na kurudi baadaye kwa zile ngumu. Tulikaa tukitazama majina yakipita skrini moja moja: Hisabati, Sayansi, Kiingereza. Jina la Maarifa ya Jamii lilisimama dakika kadhaa, tik, kimya, tik, kisha likarukwa. Mtihani mmoja ulipotea. Mwalimu akachukua kalamu, akaanza kuuandika upya kwa mkono kutoka kichwani, palepale kwenye benchi, huku mengine yakiendelea kuokolewa. Alipomaliza swali la kumi na mbili fundi alimpa flashi mbili badala ya moja. "Moja ikae nyumbani, mama. Nyingine ikae shuleni. Zisilale chumba kimoja."